Kukatika na Kunyonyoka

Juzi Jumapili binti yangu alikuwa barazani anafumua rasta, mtoto kamwachia shangazi yake. Kila msuko ukifunguka, kitana kinatoka kimejaa. Alipomaliza akaviringisha donge la nywele ukubwa wa yai, akaniletea kwenye kiganja.

"Mama, ona zinavyokatika. Nikapime nini?"

Sijajibu, kaingia ndani, katoka na kopo. Vidonge vya nywele, baiotini mikrogramu 10,000, rafiki yake kamnunulia Kariakoo. Ameshameza wiki mbili.

Nikaliweka kopo mezani na kwa muda sikusema neno. Lilikuwa limenirudisha kwenye benchi la mbao nje ya maabara yetu, Julai 2019.

Mwezi naukumbuka kwa sababu mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku tarehe 1 Juni, na yule dada nywele zake alizileta ndani ya bahasha ya kaki. Alitoka Mbagala Rangi Tatu na daladala la alfajiri, mtoto wa miezi minne mgongoni. Daktari alishamkagua kichwa. Alishika kishungi cha nywele kama hamsini hivi karibu na ngozi, kwa vidole vitatu, akazivuta taratibu mpaka nchani. Utosini, pembeni huku na huku, na kisogoni. Zikitoka sita au zaidi kwenye kishungi kimoja, kuna jambo. Kwake zilitoka tisa, tena kila upande. Akaandikiwa picha kamili ya damu, feritini, na vipimo viwili vya homoni za tezi ya shingo, TSH na FT4.

Damu ilichukuliwa saa mbili na nusu. Chupa ya kifuniko cha zambarau kwa ajili ya picha ya damu, ya kifuniko cha njano kwa vingine vyote. Ya njano inasimamishwa nusu saa igande, ndipo inazungushwa dakika kumi. Ukiiharakisha, nyuzi za kugandisha damu zinabaki kwenye siramu, yaani maji ya juu ya damu iliyoganda, zinaziba sindano ya mashine, na siku nzima inaharibika. Sikuiharakisha. Vipimo vya udhibiti vya asubuhi vilishapita vyote, mashine ilikuwa safi.

Majibu yakaja. Wingi wa damu 9.6. Ukubwa wa chembe nyekundu 69, wakati kawaida ni 80 hadi 100. Feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, 3. TSH 0.11, iko chini. FT4 31, iko juu. Ukisoma mistari hiyo miwili ya mwisho bila kumwona mtu, unasema tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, na tezi ikizidisha, nywele hunyonyoka. Kila kitu kilikubaliana. Daktari alishaanza kumwandikia vidonge vya kuituliza tezi.

Mimi nilitoka kumwangalia. Si kawaida ya mtu wa maabara kufanya hivyo, na sijui vizuri ni nini kilinitoa. Labda ni kwa sababu karatasi ilikuwa inazungumzia mtu anayetokwa jasho, anayekonda, moyo unamwenda mbio, na mimi nilikuwa nimempita dada huyu asubuhi amejifunga sweta juu ya kanga. Kipupwe ndiyo, lakini mwenye tezi iliyozidi hata kipupwe hakisikii.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe mkono."

Mkono ulikuwa mkavu na wa baridi. Nikamwambia anyooshe vidole, havikutetemeka. Mapigo ya moyo 74 kwa dakika nzima niliyohesabu. Shingoni hakuna rovu. Nikamuuliza kwenye bahasha kuna nini.

"Nywele za jana, mama. Za kitanani, za kwenye mto wa kulalia, na za bafuni. Daktari hakuwa na nafasi ya kuziangalia."

Niliingia ndani nikachukua karatasi nyeupe na kioo cha kukuzia, nikarudi nikaketi naye. Nikazitandaza arobaini, moja moja, tukaanza kuangalia ncha. Unywele uliokatika una ncha mbili zisizo na kitu: umechanika, umechanua kama ufagio, au umekatwa sawasawa, na mara nyingi ni mfupi. Unywele ulionyonyoka ni mrefu kamili, na upande mmoja una kitone cheupe kama kichwa cha njiti ya kiberiti, ila kidogo sana. Ukiupitisha kati ya kucha mbili unakisikia. Huo ni unywele uliomaliza kazi yake, ukapumzika kwenye ngozi kama miezi mitatu, kisha ukaachia.

Sisi kwa mazoea tunasema "nywele zinakatika" kwa yote mawili, na hapo ndipo watu wanapopotea. Kukatika kunatoka nje: dawa ya kunyoosha, moto, kitana, maji na mafuta mabaya. Huko mara nyingi damu haina la kukuambia. Kunyonyoka ndiko kunakotoka ndani, au kwenye ngozi yenyewe, na huko ndiko vipimo vina kazi. Katika zile arobaini, thelathini na nne zilikuwa na kitone. Yule dada alizihesabu mwenyewe mara ya pili, kidole kimoja kimoja, mtoto akimvuta ukosi.

"Kwa hiyo hazikatiki," akasema.

"Zinanyonyoka. Unatumia dawa yoyote?"

"Hapana mama, dawa situmii."

Jibu hilo ndilo lililoandikwa kwenye fomu yake, na ndilo ningelibeba mimi kurudi ndani kama nisingeuliza tena kwa njia nyingine. "Na cha kukuzia nywele, je? Cha kupaka, cha kunywa?"

"Ah, hivyo si dawa. Ni vitamini." Akafungua pochi, akatoa kopo. Baiotini 10,000. "Nilianza kimoja, nikaona zinazidi kudondoka, nikapandisha vitatu."

"Leo umemeza?"

"Nimemeza na uji, kabla sijatoka."

Mtu mzima anahitaji baiotini kama mikrogramu 30 kwa siku. Dada huyu alikuwa amekunywa 30,000 na saa mbili baadaye sisi tukamtoa damu, wakati imejaa kwenye mishipa kuliko wakati wowote.

Nieleze kwa nini hilo ni tatizo, maana hata wenzetu wa hospitali wengi hawaelezwi. Mashine nyingi za homoni zinafanya kazi kwa mnaso. Ndani yake mna chembe ndogo zenye protini inayoitwa streptavidini, ambayo baiotini ikiigusa imenasa. Watengenezaji wakafunga baiotini kwenye kingamwili zao, ili kingamwili ikiishika TSH ya mgonjwa, vyote vinaswe pamoja, vingine vioshwe vimwagwe, na mashine ihesabu kilichobaki. Chukulia daladala jioni. Viti ni streptavidini. Abiria wa foleni ni kingamwili, kila mmoja kamshika mkono homoni yake. Sasa baiotini ya vidonge inapita madirishani na kukalia viti vyote. Wa foleni wanabaki kituoni, mashine inahesabu waliokaa, inasema TSH ni kidogo.

Kwa FT4 hesabu inasomwa kinyume: kilichonaswa kikipungua, mashine inaelewa kuwa homoni ni nyingi. Basi kosa moja linatoa uongo wa aina mbili, na uongo huo unashikana vizuri kabisa kufanana na ugonjwa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili Novemba 2017. Kwenye karatasi za watengenezaji limo pia, kwa maandishi madogo. Nilikuwa nimeisoma karatasi ya kwetu, nikaikunja, nikaiweka droo ya pili.

Nilikwenda kwa daktari na kopo mkononi. Alilisoma, akachana alichokuwa anaandika, akatoka yeye mwenyewe kuzungumza na yule dada. Tulimwambia aache vidonge siku tatu kamili, arudi Jumatatu. Kwa mwenye figo zisizofanya kazi vizuri siku tatu hazitoshi, lakini yeye hakuwa na shida hiyo.

Jumatatu TSH ilikuwa 1.8. FT4 15. Tezi haikuwa na neno tangu mwanzo.

Feritini ikawa 8. Nayo ilikuwa imevutwa chini siku ya kwanza, lakini hata bila kuvutwa ilikuwa chini: kwa mtu mzima Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya 15 kuwa akiba ya chuma imekwisha, na baadhi ya madaktari wa nywele hawaridhiki mpaka ifike 40. Picha ya damu haikubadilika, maana inahesabiwa kwa njia nyingine na baiotini haiigusi. Huku kwetu Pwani chembe ndogo zinaweza pia kuwa za kurithi, ndiyo maana picha ya damu peke yake haitoshi na feritini inahitajika kuzitenganisha. Nilipomuuliza kama anatafuna chochote, aliinama, akasema mchele mbichi, kikombe kizima kwa siku, tangu mimba ina miezi sita. Kliniki walimpa vidonge vya chuma akaviacha kwa sababu vilimfunga choo na kukifanya cheusi. Kuwa cheusi ni kawaida, hakuna aliyekuwa amemwambia.

Akapewa upya. Ameze kwa maji au juisi ya chungwa, chai ya rangi ikae mbali saa mbili kabla na baada, aendelee miezi mitatu hata damu ikipanda mapema, maana damu inajaa kwanza na akiba inajaa mwisho.

Nilimwona tena Januari. Utosini nywele zilikuwa zimejaa, fupi fupi, zimesimama. Mchele ameacha, hata hamu hana. Mbele, kwenye paji na juu ya masikio, hakukuwa na kilichoota. Ule ulikuwa uharibifu wa misuko ya kubana ya miaka mingi, na niliona bado amebana. Alinishukuru mpaka nikaona haya, kwa sababu sikuwa na uhakika wa nilichoshukuriwa. Nywele za mzazi hunyonyoka kuanzia mwezi wa pili au wa tatu baada ya kujifungua, na kwa wengi hurudi zenyewe kabla mtoto hajamaliza mwaka. Je, ni chuma kilichozirudisha, au ni muda wake tu ulifika? Nimejiuliza mara nyingi. Damu yake ilihitaji chuma vyovyote vile, hilo halina ubishi. La nywele siwezi kuapa.

Binti yangu naye mtoto wake ana miezi mitatu. Rasta amekaa nazo wiki sita. Kichwa kizima kinaachia nywele 50 hadi 100 kila siku, msuko unazishikilia, kwa hiyo siku ya kufumua unaona elfu mbili mpaka nne kwa mkupuo. Donge la ukubwa wa yai linatisha kuliko lilivyo. Nilimwambia hivyo, akaniangalia kama ninamficha kitu.

Akataka apime vyote. Kuna sehemu wanauza vifurushi vya "vipimo vya nywele", orodha ndefu, bei inayoumiza, na aliyeandika orodha hajakiona kichwa. Mimi sikubaliani navyo. Kaswende inapimwa kwa kila mwenye mabaka mabaka ya upara yasiyoeleweka, kama nguo iliyoliwa na nondo, na VVU hupimwa pamoja nayo. Homoni za kiume zinapimwa kama hedhi imevurugika au ndevu zimeanza. Mapunye hayatafutwi kwenye damu: unakwangua magamba, unang'oa vijinywele vilivyokatika, unaviweka kwenye potasiamu haidroksaidi na kuvitazama kwa darubini. Na utosi ukianza kuwa laini unaong'aa, bila vitundu vya vinyweleo, usipoteze hata wiki moja kwenye damu. Nenda kwa daktari wa ngozi akakate kipande cha milimita 4, akikate pembezoni ambako bado kuna nywele na wekundu, maana katikati palishakufa na hapatoi jibu. Hapo vinyweleo vinageuka kovu, na kovu halioti.

Yeye hana hata kimoja cha hivyo. Picha ya damu na feritini vinamtosha, TSH nayo kwa sababu tezi husumbua baadhi ya wanawake baada ya uzazi. Nikamuuliza kama ameugua homa karibuni, maana maambukizi yanaipandisha feritini na akiba tupu ikaonekana imejaa. Hajaugua.

Kopo nimelipandisha juu ya kabati la vyombo. Alimeza cha mwisho Jumapili asubuhi, kwa hiyo damu itatolewa Alhamisi. Jana usiku nilimkuta mezani na sahani nyeupe, taa ya simu imewashwa, anazitoa nywele kwenye lile donge moja moja na kuzipitisha kwenye kucha. Alikuwa amefika ishirini. Kumi na saba zilikuwa na kitone.