Mapenzi ndani ya nyumba ya bwana, kutoka Deccan hadi Mtoni

Hapa Unguja, kila inapotajwa habari ya utumwa wa majumbani, haikosi kusikika kauli kwamba watumwa wale walikuwa kama watoto wa nyumba. Siipuuzi kauli hiyo, kwa sababu mapenzi baina ya mabwana na watumwa yalikuwepo kweli, kwetu na ng'ambo ya bahari, huko India ya karne ya 16 na ya 17. Ninachokipinga ni kuyatumia mapenzi hayo kuutakasa utumwa wenyewe. Mimi huuliza jambo moja tu: bwana alipofariki, yule aliyependwa alibaki mikononi mwa nani?

Mfikirie Malik Ambar, Mhabeshi aliyezaliwa yapata mwaka 1548 na kuuzwa angali mtoto. Bwana wake wa Baghdad alimsomesha na kumpa jina la Ambar, na jina hilo hakuliacha hata alipokuja kuwa na nguvu kuliko masultani aliowatumikia wa Ahmadnagar, dola iliyokuwa katika Deccan, nyanda za juu za kusini mwa India. Uhuru, hata hivyo, hakuupata kwa mlezi huyo. Aliuzwa tena, akafika Deccan kwa Chingiz Khan, waziri mkuu wa Ahmadnagar, ambaye naye alikuwa Mhabeshi aliyewahi kuwa mtumwa. Chingiz Khan alipofariki katika miaka ya 1570, mjane wake ndiye aliyemwacha Ambar huru. Huenda alimhurumia, huenda alimheshimu. Lakini lau angetaka kumuuza, hakuna ambaye angemzuia.

Njia hiyohiyo aliipita Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utotoni hadi India na mfanyabiashara wa Kiarabu. Alipata uhuru wake bwana huyo alipofariki, ndipo akarejea Unguja na baadaye kuwaongoza wasafiri wa Kizungu barani.

Kwetu, anayenigusa zaidi ni Jilfidan, mama yake Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, Sultani wa Unguja. Alitekwa vitani katika nchi ya Wacherkesi, huko Kaukazi, akaletwa kwa Seyyid Said akiwa mdogo kiasi kwamba jino lake la kwanza la utotoni liling'okea humu nyumbani mwa Sultani. Alilelewa pamoja na mabinti wawili wa Sultani waliokuwa rika lake, akafundishwa kusoma pamoja nao, na alipokua akawa suria wa baba yao. Salme, katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1886, anamweleza mama yake kwa mapenzi makubwa, na wakati huohuo anautetea utumwa wa nchi yetu. Namwamini anaposimulia mapenzi. Katika utetezi simfuati, kwani hakuna aliyemuuliza mtoto yule, mwenye pengo mdomoni, iwapo alitaka kulelewa Mtoni, kwenye jumba la Sultani.

Kwa kuwa suria aliyezaa na bwana wake huwa huru kisheria bwana anapofariki, Jilfidan alikuwa huru Seyyid Said alipofariki mwaka 1856. Wengine walisubiri zaidi. Amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa Unguja na Pemba iliwaweka masuria kando, kwa hoja kwamba wao ni mithili ya wake. Ilipotolewa amri nyingine mwaka 1909, suria aliyemwacha bwana wake bila idhini ya mahakama alipoteza haki ya kukaa na watoto aliomzalia.