Wiski ya moshi bila kumaliza hela

Mi napenda sana wiski yenye moshi, ile ya Skotilandi, hasa ya kisiwa cha Islay, na watu wengi wanadhani lazima uwe na hela ndefu, si kweli kabisa. Ule moshi unatoka kwenye shayiri, wanaikausha kwa moto wa piti, yaani udongo mweusi wa kinamasi unaochimbwa na kuanikwa, moshi unang'ang'ania punje mpaka kwenye glasi yako. Bajeti ikiwa ndogo anza na Johnnie Walker Black Label, umri miaka 12, moshi upo kwa mbali, ni mchanganyiko wa wiski kadhaa na mle ndani kuna Caol Ila, wiski ya moshi ya Islay. Ukitaka moshi wenyewe hasa, subiri ofa uchukue Laphroaig 10 au Ardbeg 10, zote wiski za Islay za miaka 10, hii Ardbeg ina alkoholi 46% kwa hiyo inavumilia maji, kwangu ndo inalipa kuliko chupa kibao za bei juu. Namba kubwa ya umri isikubabaishe, moshi hupungua wiski ikikaa sana kwenye pipa. Mimina kidogo, tia matone ya maji, nusa taratibu, barafu achana nayo, inaua harufu. Ukinywa hivyo chupa inakaa miezi.