Paa la Jirani, Tokamachi

Juzi binti yangu aliniuliza kama theluji ina uzito. Alikuwa ameiona kwenye runinga ikidondoka kama pamba, na nilipomjibu kwamba huweza kuangusha nyumba, alikataa katakata kuniamini.

Hata mimi, nilipopangiwa kufundisha Tokamachi, katika mkoa wa Niigata nchini Japani, niliiogopa baridi tu. Kumbe huko pepo za Siberia huvuka Bahari ya Japani, zikazoa unyevu njiani na kuutua kwenye milima ya pwani ile, hata miaka mingine theluji hupita mita mbili. Ikishajishindilia, mita moja ya ujazo huweza kuzidi kilo 300.

Asubuhi moja ya Februari nilimwona jirani yangu, mzee aliyekuwa amevuka miaka 80 na ambaye wanawe wote waliishi Tokyo, akipanda ngazi peke yake kwenda kuparua theluji juu ya paa lake. Nilitoka mbio nikamsihi ashuke. Hakushuka, alinirushia kamba.

Nilipofika juu alinifunga kiunoni kwa mikono yake, akalivuta fundo kwa nguvu kulijaribu, kisha akanionya nisifikie bati, bali niache theluji ya unene wa kiganja, kwa kuwa bati likibaki wazi mguu hauna pa kushika. Yeye alikata vipande vya mraba kwa beleshi, nami nikavisukuma hadi ukingoni. Kila kipande kiliteleza bila sauti, kikatoweka, na baada ya kitambo kishindo kikapanda kutoka chini na kututikisa miguuni. Tulifanya hivyo bila kusemezana hadi karibu na adhuhuri, ndipo tukasikia ndani ya nyumba mlango wa kusukuma ukikwaruza, na mkewe akipaza sauti kwamba umefunguka. Mlango huo ulikuwa umekwama tangu juzi yake, kwa jinsi boriti zilivyokuwa zimeelemewa. Mzee aliinamisha kichwa kuitikia, akaendelea kukata.

Tulikunywa chai, majira yakapita, na mkataba wangu ulipokwisha niliondoka. Hadi leo hufuatilia habari za Niigata kila Februari, kwa sababu karibu kila mwaka huko wapo wazee wanaokufa kwa kuanguka kutoka mapaani.

Wanawe walikuwa mbali kwa sababu zilezile zilizoniweka mimi mbali na Lushoto, ambako mwaka huohuo vijana wa jirani ndio waliolitengeneza paa la mama baada ya masika. Mara nyingine hujiambia kwamba deni hilo limelipika, kwamba nilikuwa kwa mzee yule kama vijana wale walivyokuwa kwa mama. Lakini mama, ijapokuwa paa lilikuwa limekwisha kuzibwa, aliendelea kuniuliza kwa simu nitarudi lini, na ninadhani mzee naye aliwauliza wanawe vivyo hivyo.