Niliandika mimi ni simba jike, mwalimu akaniuliza umemuona wapi

Mwaka jana nilijiunga na darasa la uandishi, Jumamosi asubuhi pale Sinza, mi natokea Tabata kwa hiyo ni kupanda gari mbili na joto la Dar unalijua mwenyewe. Wiki ya pili tukapewa zoezi: andika wewe ni nini, kwa sitiari, neno "kama" marufuku. Mwalimu akasema ukiweka "kama" hiyo ni tashbiha, umejiachia mlango wa kutokea, ila ukishasema "mimi ni" ndo basi tena, umejifungia humohumo.

Nikaandika mimi ni simba jike. "Dada, huyo simba umemuona wapi?" Ukweli sijawahi kumuona, Mikumi yenyewe nilipita na basi nimelala fofofo. Wakacheka, wakati nusu yao nao walikuwa simba, waliobaki mwamba, na mmoja nyota. Aliyetunyamazisha ni kijana wa bodaboda, yeye kaandika "mimi ni saiti mira, kila mtu ananitazama ila anaangalia ya nyuma yake." Hakuongeza neno. Niliona wivu jamani.

Tukaambiwa tukachague kitu tulichokishika kwa mikono wiki ile. Sasa kwetu maji yalikatika siku 4, mi nilichoshika ni dumu tu, lile la njano la lita 20 lililokuwa la mafuta ya kula. Nikaandika: mimi ni dumu, nawekwa nyuma ya mlango, nasahauliwa, maji yakikatika natafutwa, najazwa, nabebwa, yakitoka narudishwa nyuma ya mlango. Nikajiona nimemaliza kazi, maana kwenye ukoo ndo hivyo, mtu akiuguliwa mimi ndo napigiwa simu usiku, sherehe naziona kwenye status.

Mwalimu hakusifia. Alichukua kalamu akazungushia duara nawekwa, nasahauliwa, natafutwa, yote, akaniuliza taratibu, "hivi hili dumu lenyewe halifanyi kitu?" Nikabaki naangalia karatasi. Kila kitenzi kilikuwa cha kutendwa na sikuwa nimeona hata kimoja wakati naandika.

Jumapili nikaliweka dumu kibarazani nikakaa nalo, mpaka jirani akaniuliza nauza shingapi. Nikaliangalia haswa. Linavimba likikaa juani, jioni likipoa linajirudi na linatoa sauti, ko! Linanuka mafuta mpaka leo na tumelisugua mara ngapi sijui. Kifuniko lilishakipoteza, tunaziba na kipande cha nailoni, na ukilikimbiza linakumwagia viatu. Likijaa, kulinyanyua lazima ujipange, mpini wake unakukata vidole. Nikaandika hayo tu, linayoyafanya dumu. Nilipofika kwenye vidole wakati nasoma darasani sauti ikatetemeka, na kuna mmoja akaropoka "debe tupu haliachi kuvuma!" methali isiyohusu hata kidogo, la kwangu lilikuwa limejaa.

Jumamosi iliyofuata dada akapiga, "mdogo wangu, njoo unishikie watoto natoka kidogo." Nikamwambia niko darasani mpaka saa saba.

Kimya.

"Darasa la nini tena we?"

Nikamjibu la madumu. Akakata simu. Saa saba na robo akapiga tena.