Nilivyopata hoteli salama na ya bei nafuu Kingston, Jamaika

Watu wengi wakisikia Jamaika wanawaza Montego Bay na Negril, zile hoteli za ufukweni unalipa mara moja, chakula na vinywaji vyote vimo, na unaweza kumaliza wiki nzima hujatoka getini. Mimi nilikuwa naenda Kingston, mjini kabisa, na mdogo wangu wa kike. Mama mmoja Mjamaika tuliyefanya naye kazi hapa Birmingham, Uingereza, alistaafu akarudi kwao, binti yake akawa anaolewa na akatuita. Kwake ndugu walishajaa mpaka sebuleni kwahiyo malazi yakawa juu yetu, na bajeti yenyewe ni ya mtu anayetuma hela nyumbani kila mwezi, kwahiyo hoteli ya dola 200 za Marekani kwa usiku hata sikuifungua kuitazama.

Nilianza kwenye epu za kubuku vyumba kama kila mtu anavyoanza, nikapanga kuanzia bei ya chini kwenda juu. Vikaja vyumba vya dola 40, vya 60, vya 90, na picha zote zinafanana, kitanda shuka nyeupe, taulo imekunjwa vizuri, AC ukutani. Picha haikwambii mtaa ukoje, na Kingston mtaa ndio kila kitu jamani, unaweza kuwa na mitaa miwili imetenganishwa na barabara moja tu, upande huu watu wanafanya mazoezi usiku na upande ule polisi wameweka kafyu.

Yule mama, kazini wote tulizoea kumwita Aunty, nilimtumia majina ya gesti kama tano hivi anisaidie kuchagua. Akanipigia simu hapohapo akasema mwanangu usinitumie jina la hoteli, nitumie jina la barabara. Basi kuanzia siku hiyo kazi yangu ikawa kutafuta barabara kwanza, bei baadaye.

Alivyonielekeza ni hivi. Kuna makutano yanaitwa Cross Roads, chukulia hayo ndio mpaka. Ukiwa juu yake, kwenda New Kingston, Hope Road, Liguanea mpaka Barbican, hapo mgeni anaweza kulala. Chini yake unaelekea downtown, kwenye Coronation Market na Parade na bandari, huko nenda mchana ukiwa na mwenyeji, ule, ununue vitu vyako, jua likianza kushuka urudi juu. Na yeye mwenyewe amezaliwa na kukulia hukohuko chini kwahiyo hakuwa anadharau watu wa kule, alisema tu mtu wa mtaani anajua leo kuna nini na apite wapi, wewe mgeni hujui na huna wa kumuuliza saa nne usiku.

Halafu nikafungua ushauri wa safari wa serikali ya Uingereza, ule upo wazi mtandaoni kwa kila nchi na unataja maeneo kwa majina. Kwa Kingston wametaja West Kingston, Grants Pen, August Town na Harbour View. Nikayatafuta moja moja kwenye ramani na kuyawekea alama nyekundu, na hapo ndio nikaelewa kwanini vyumba vingine ni rahisi hivyo. August Town iko jirani kabisa na chuo kikuu cha West Indies pale Mona, kwahiyo tangazo likisema "karibu na chuo" lazima uulize karibu upande upi. Grants Pen imebanana na Barbican ambako ni kwa wenye hela, kwahiyo "dakika tano kutoka Barbican" inaweza kuwa huko. Na Harbour View ni pale unapopita ukitoka eapoti kwahiyo "karibu na eapoti" nayo inahitaji maswali. Simaanishi kila nyumba ya huko ni hatari, kuna watu wanaishi na kulea watoto wao vizuri tu, na hata takwimu za mauaji Jamaika zilishuka sana mwaka 2025. Ila mimi nilikuwa na mdogo wangu, usiku tutatoka kwenye sherehe tumevaa vizuri, kwahiyo nilitaka sehemu ambayo dereva yeyote atakubali kutufikisha mpaka getini bila kusitasita.

Nikaamua New Kingston. Ni eneo dogo tu, zamani palikuwa uwanja wa mbio za farasi unaitwa Knutsford Park, leo ndio benki, maofisi, balozi na hoteli zimejaa pale, na barabara kubwa ya katikati bado inaitwa Knutsford Boulevard. Ukitaka picha ya haraka, fikiria Upanga ya Dar ikiwa na maghorofa ya Posta ndani yake. Hoteli kubwa za pale ndio ghali, lakini ukiingia mitaa ya pembeni kuna gesti hausi na hoteli ndogo za ghorofa mbili tatu, za siku nyingi, fanicha za kizamani lakini safi, nyingi nilizoziona zilikuwa kati ya dola 70 na 110. Kwa watu wawili chumba kimoja sio mbaya.

Kuna mtu ataniambia mbona kulikuwa na cha dola 45. Ni kweli kilikuwepo, mbali kidogo, lakini piga hesabu ya kwenda na kurudi kila siku kwa taksi kwa sababu usiku huwezi kutembea, ile hela uliyookoa kwenye chumba inaishia yote kwenye taksi na bado roho juu. New Kingston asubuhi tulikuwa tunatembea kwa miguu mpaka bustani ya Emancipation Park, jioni tunaenda Devon House, jumba la kale lenye maduka, kula aiskrimu, supamaketi ipo, duka la patty, ile kama sambusa yao ya kuoka, lipo, stendi ya basi za Knutsford Express za kwenda Ocho Rios na Montego Bay ipo hapohapo. Yani chumba cha bei ya juu kidogo kikatoka rahisi kuliko kile cha 45.

Nilipobaki na sehemu chache nikaacha kusoma zile nyota, nikawa nasoma maoni ya wageni ya miezi ya karibuni tu, na nasoma ya waliolalamika kwanza. Mtu akilalamika kifungua kinywa kimepoa au wifi iko slow naendelea. Mtu akisema mlango ulikuwa haufungi vizuri au geti lilikuwa wazi usiku kucha, naachana nayo hapohapo, hata kama wengine mia wamesifia.

Kisha nikawatumia meseji WhatsApp, na nakushauri ufanye hivi kabla hujalipa hata senti, maana namna mtu anavyokujibu inakuonyesha mengi. Niliuliza geti linafungwa saa ngapi na nani anafungua nikirudi saa saba usiku. Mlinzi yupo usiku mzima au anaondoka? Umeme ukikatika mna jenereta, na inawasha AC au taa tu? Maji yakikatika mna tenki? Hili la maji usilidharau, Kingston wana mgao hasa kipindi cha ukame, na gesti isiyo na lile tenki jeusi kubwa unaweza kuamka asubuhi ya harusi bomba linakoroma tu. Sehemu moja mwenyewe alikataa kabisa kunipa jina la barabara, anasema utapewa ukishalipa, nikamshukuru nikafuta namba. Sehemu nyingine dada wa mapokezi akanirekodia video fupi kuanzia getini, kibanda cha mlinzi, ngazi, mpaka kitasa cha mlango wa chumba, bila mimi kumuomba. Hapo ndio tulipolala.

Kwenye bei uliza maneno haya haya, jumla ya mwisho ni ngapi na kila kitu kimo? Kwa sababu Jamaika wanaweza kukutajia bei tupu halafu juu yake ikaja GCT ambayo ni kodi yao kama VAT, service charge yaani malipo ya huduma, na kodi ya chumba inayohesabiwa kwa kila usiku. Kuna mmoja alinitajia 75, nilivyouliza jumla ikasoma karibu 90. Sio wizi, ni utaratibu wao, ila kwa siku kadhaa ni hela ya maana. Uliza pia dola gani, ya Marekani au ya Jamaika, maana wote wanaandika dola na moja ya Marekani ni zaidi ya 150 za kwao. Mimi niliomba wanitumie jumla kwa maandishi na nikabuku ile inayoruhusu kufuta bure, ikawa nafuu ya moyo kwa sababu msimu wa vimbunga unaanza Juni mpaka mwisho wa Novemba na wote tuliona kimbunga Melissa kilivyoipiga Jamaika tarehe 28 Oktoba 2025, upande wa magharibi ndio uliumia zaidi. Kama safari yako inaangukia miezi hiyo, usilipe chumba kisichorudisha hela hata kikiwa rahisi vipi.

Siku ya kufika, ndege ya kutoka Gatwick inatua jioni na giza huwa linaingia mapema kule, kwahiyo nilikuwa nimeshamaliza suala la usafiri tukiwa bado nyumbani. Hoteli walinitumia jina la dereva, picha yake na namba ya gari, bei tukakubaliana dola 35. Magari yaliyosajiliwa kubeba abiria yana namba nyekundu, hizo ndio za kupanda. Kuna binafsi nyingi zinabeba watu, wenyewe wanaziita robot, wenyeji wanapanda sana lakini mgeni na mabegi yake usiku aziache. Mzee aliyetupokea alikuwa mtaratibu kweli, njia nzima anatuonyesha, hii ni Palisadoes, ule ukanda mwembamba wa ardhi wenye eapoti, kule mwisho ni Port Royal, mji ambao sehemu yake kubwa ilizama baharini kwa tetemeko la 1692, milima ile mbele ni Blue Mountains.

Chumba kilikuwa cha ghorofa ya kwanza upande wa ndani, niliomba hivyo makusudi, sio chini na sio kinachotazama barabara. Madirisha yana nondo zilizopakwa rangi nyeupe, mlango una kitasa na komeo la ndani, na kuna seif ndogo kabatini. Nilifika nikajaribu vyote kabla hata ya kufungua begi, komeo lilikuwa limelegea kidogo, nikashuka kusema na fundi akaja na bisibisi akakaza dakika hiyohiyo. Mlinzi getini ana daftari, kila gari linaloingia anaandika namba. Friji ndogo ilikuwepo na maikrowevu iko koridoni, hiyo ilituokolea hela nyingi sana kwa sababu chakula cha hotelini Kingston ni ghali, lakini patty ya nyama na coco bread, mkate wao laini, asubuhi ni hela ndogo, na jioni kuku wa jerk, wa kuchoma na viungo vikali, kutoka kwenye mapipa ya pembeni ya barabara unashiba vizuri. Beba adapta ya plagi za Marekani, zile bapa za miguu miwili, na umeme wao ni volti 110 kwahiyo pasi au drayer ya Uingereza au ya kwetu haitafanya kazi, azima ya hoteli.

Kutembea mjini mchana tulipanda basi za JUTC, zile za umma, na taksi za ruti kutoka kituo cha Half Way Tree, zinajaza kama daladala na nauli ni ndogo. Usiku hapana, usiku ilikuwa Uber au yule mzee, hata kwa safari ya karibu, kwa sababu New Kingston yenyewe ikishafungwa maofisi mitaa ya nyuma inakuwa kimya na vibaka wapo. Emancipation Park ni tofauti, jioni kumejaa familia na watu wanakimbia mizunguko, walinzi wapo, tulikuwa tunaenda bila wasiwasi wowote.

Angalia pia kalenda. Mwezi wa tatu kuna Champs, mashindano ya riadha ya shule za sekondari pale National Stadium, huwezi kuamini taifa zima linavyosimama kwa ajili ya wanafunzi wanaokimbia, na vyumba vya bei nafuu ndio vinaisha kwanza. Baada ya Pasaka kuna kanivali. Na mwanzoni mwa Agosti wana sikukuu mbili, Emancipation, ya kukomeshwa utumwa, tarehe 1 na Uhuru tarehe 6, Wajamaika wa Uingereza, Marekani na Kanada wanarudi kwao kwa wingi. Kwa tarehe hizo buku miezi mitatu au minne kabla.

Jambo la mwisho ni siku ya kuondoka. Chumba unatakiwa utoke saa tano asubuhi na ndege yetu ilikuwa jioni, na kuzunguka Kingston na mabegi makubwa sio salama wala sio raha. Niliwauliza siku moja kabla, wakatuwekea mabegi mapokezi bure na wakaturuhusu kuoga kwenye bafu la bwawa la kuogelea kabla ya mzee kuja kutuchukua. Nawe uliza mapema, maana kuna sehemu hukohuko wanachaji nusu ya bei ya usiku kwa hayo masaa machache.