Nilivyoacha kubandika "have" kila nilipoona -me-

Jedwali la nyakati 12 za Kiingereza nililikariri lote. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia wakati timilifu endelevu bila kukwama. Kuongea sasa! Siku moja mtu alipiga simu akimuulizia mwenzangu, nikamjibu, "He has slept." Akasema vizuri, basi mpe simu. Mimi nilimaanisha amelala, yuko usingizini. Yeye alielewa kwamba usingizi umeshakwisha.

Kosa lilikuwa kanuni niliyojitungia mwenyewe: -li- ni "-ed", -me- ni "have". Kwa "nimekula" inakubali, "I have eaten". Lakini amelala, amekaa, amesimama, amevaa, nimechoka? Hapo -me- yetu inaeleza hali ambayo mtu yumo sasa hivi, na Kiingereza huitaja hali hiyo moja kwa moja: "he is asleep", "she is standing", "she is wearing", "I am tired". Nikavitengea vitenzi vya aina hii ukurasa wao. Kila nikitaka kusema kimojawapo, najiuliza kwanza: tendo limekwisha likaacha hali, au nataka kusema limekwisha tu?

Kisha ikaja jana. Mtu husema "nimemwona jana" na hakuna anayeshtuka. Kwa Kiingereza, ukishaitaja jana, "have" haina nafasi tena: "I saw him yesterday". Yenyewe hukaa na muda ambao haujafungwa, kama wiki hii au tangu asubuhi.

"I did not went" nayo ilinitesa, mpaka nilipokitazama Kiswahili changu. Nilienda, sikuenda: tukikanusha, -li- inatoweka na -ku- ndiyo inayobeba wakati uliopita. Basi "did" ni kama -ku- yao. Ikishaubeba mzigo, "go" inabaki tupu. Sikulirudia tena kosa hilo, na ajabu ni kwamba hakuna kitabu nilichosoma kilichonionyesha hivyo.

Vitenzi vikaidi nilivipanga kwa mlio: "sing, sang, sung" pamoja na "ring, rang, rung", "cut", "put" na "hit", visivyobadilika, kundi lao. "Went" niliimeza tu. Asili yake ni kitenzi kingine kabisa, "wend", kwa hiyo hata ningekuna kichwa vipi nisingeipata kutoka kwenye "go".

"Had been" bado hunichanganya nikisimulia haraka. Hapo hutumia wakati uliopita wa kawaida, nikaongeza "before", na hadithi inaendelea.