Mchezaji wa kulipwa asiyelipwa na mtu: siku moja maishani mwangu

Saa 12:30 asubuhi, Dublin. Kiswahili kinamwita mtu kama mimi "mchezaji wa kulipwa", na jina hilo hunichekesha kila ninapolikumbuka nikiwa nimeinamia sinki la kunawia, kwa sababu hakuna mtu anayenilipa. Sina mwajiri, sina mshahara, sina likizo ya ugonjwa, na ili niruhusiwe kuingia kazini leo itanilazimu mimi ndiye nitoe euro 300. Kazi yangu ni kucheza poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau. Nimeifanya tangu mwaka 2016, na mwaka 2019 nilipokula kiapo cha uraia wa Ayalandi kule Killarney, jirani yangu wa kiti aliniuliza ninafanya kazi gani, nikamjibu kwamba ninafanya hesabu. Ndivyo mama naye anavyowaambia majirani zetu Ngamiani, Tanga. Sote wawili hatusemi uongo, ila hatusemi yote.

Kabla ya chai nilikaa dakika arobaini mbele ya kompyuta, nikipitia mikono, yaani migao ya karata, niliyocheza wiki iliyopita kwa programu inayokokotoa uamuzi uliofaa katika kila hali. Mara nyingi hunionyesha kwamba nilikosea mahali ambapo nilijisifu.

Saa 2:00 nilipanda basi la Galway. Ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi, na tulipovuka mto Shannon pale Athlone mvua ilikuwa ikinyesha kwa ubavu, kama kawaida ya Novemba. Humo ndani ya basi niliandika ujumbe kwa wenye hisa wangu watatu. Wengi hawajui kwamba mcheza poka huuza sehemu ya nafsi yake: kila mmoja wao amenipa euro 30, yaani asilimia kumi ya kiingilio, na nikishinda chochote atapata asilimia kumi ya nitakachopata. Mimi hubaki na asilimia sabini, nami hulala usingizi mzuri zaidi siku ninapopoteza.

Saa 7:00 mchana, ukumbi wa hoteli. Mazulia mazito, taa za njano, hakuna dirisha hata moja, na sauti ya chipu (vijisahani vya kuwekea dau) zinazogonganishwa na mamia ya vidole, ambayo kwa mgeni hufanana na mvua ya mawe juu ya bati. Kati ya zile euro 300, euro 260 zinaingia katika mfuko wa zawadi na 40 zinabaki kwa waandaaji. Kila mchezaji anapewa chipu za 30,000, dau la lazima, ambalo wachezaji wawili hulitoa kwa zamu kabla ya mkono kuanza, mmoja dogo na mmoja kubwa, linapanda kila baada ya nusu saa, na mashindano yanaendelea mpaka mtu mmoja awe amebeba chipu za wote.

Kwa asiyeujua mchezo: unagawiwa karata mbili za siri, kisha karata tano za wote zinafunuliwa katikati kwa awamu, na katika kila awamu watu huweka dau, hulifuata, huliongeza au hutupa karata zao. Filamu zimewaaminisha watu kwamba kazi hii ni kumkazia mwenzako macho mpaka umwone akitetemeka. Kazi hii ni kutupa karata. Katika mikono kumi ninatupa minane au zaidi, kwa saa nyingi, bila kusinzia na bila kuangalia simu, kwa sababu huo mmoja au miwili nitakayoicheza inategemea nilichokiona wenzangu wakikifanya katika ile minane.

Mchana ule nilikuwa na shupaza nne, ya tano ingenipa mkono wa kushinda, na ilikuwa imebaki karata moja kufunuliwa. Katikati palikuwa na 8,000, mwenzangu akaongeza 4,000. Kwa hiyo ninaombwa 4,000 ili nishindanie 12,000, nami ninahitaji kushinda angalau mara moja katika kila mara nne ili nisile hasara. Shupaza zilizobaki ni tisa kati ya karata 46 nisizoziona, yaani karibu moja kwa tano. Haitoshi. Nikatupa, na mchezaji wa tatu akafuata. Karata ya mwisho ikafunuliwa, ikawa shupaza, na yule mwenzangu akanihurumia. Sikuhitaji huruma yake; ningerudishwa pale mara elfu, ningetupa mara elfu. Hilo ndilo linalotofautisha kazi hii na pata potea ya stendi, ingawa nakiri kwamba mtu anayetazama kutoka mbali hawezi kuona tofauti hiyo, na kwamba siku mbaya hata mimi mwenyewe huitafuta kwa tochi.

Jirani yangu wa kushoto alikuwa mzee kutoka Mayo aliyenipigia hadithi mchana kutwa, nami sikuchoka kumsikiliza. Alisimulia jinsi Terry Rogers, mtu wa kupokea madau ya mbio za farasi, alivyouona mchezo huu Las Vegas, akauleta Dublin na kuanzisha mashindano ya wazi ya Ayalandi mwaka 1980. Alimsimulia Donnacha O'Dea, aliyeogelea katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 kabla ya kugeukia karata, na zaidi ya wote Noel Furlong, mfanyabiashara wa mazulia, aliyetwaa ubingwa wa dunia Las Vegas mwaka 1999 pamoja na dola milioni moja, huku Mwayalandi mwenzake Padraig Parkinson akishika nafasi ya tatu. Nchi yenye watu wachache kuliko Dar es Salaam! Mzee alipotaja mazulia alikanyaga zulia la hoteli kwa kisigino, kana kwamba nalo lilitoka dukani kwa Furlong.

Chakula cha jioni kilikuwa sandwichi niliyoila nimesimama. Hapo wachezaji 90 kati ya 214 walikuwa bado wamekaa.

Saa 5 za usiku, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa maana mimi mwenyewe nilivumilia. Tulibaki 31, zawadi ni za watu 27, na aliyeshika nafasi ya 27 angepata euro 500. Anayetoka wa 28 hapati hata senti baada ya kukaa kitini saa kumi. Mbele yangu alikaa bwana mmoja wa makamo, sweta ya kijani, mwenye chipu zisizofika mara tatu ya dau kubwa la lazima. Mtu huyu aligundua jambo ambalo kila mwenye chipu chache hugundua: kadiri meza yake inavyogawa mikono michache, ndivyo meza nyingine zinavyopata muda wa kutoa watu kabla yake. Basi akaanza kufikiri.

Alifikiri kwa kila mkono. Aligawiwa karata, akaziinua kona kwa kidole gumba, akaziangalia, akaziweka, akaegemea kiti, akatazama dari. Akazihesabu chipu zake, ambazo zilikuwa tano. Akazihesabu tena. Akaziinua karata kama vile huenda zimebadilika. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, mgawaji akawa anatazama kucha zake, na hatimaye mtu akaomba saa, yaani akamwita msimamizi aje ahesabu sekunde. Msimamizi akaja, akahesabu, na ilipobaki sekunde moja bwana akazitupa karata kwa upole wa mtu anayelaza mtoto. Mkono uliofuata, akaanza upya. Kwa kawaida meza yetu hugawa mikono kumi na miwili au zaidi katika nusu saa; nusu saa ile tuligawa saba. Na wakati huo wote dau la lazima lilikuwa likipanda bila kumsubiri mtu.

Mara ya nne nikaomba saa mimi. Hapo ndipo unapoonekana mbaya: mtu mzima unamharakisha mwenzako kwa ajili ya euro 500. Aliniangalia akatabasamu. Msimamizi hakumpa adhabu yoyote, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa kuwa nilipokuwa na chipu chache miaka ya mwanzo nami nimewahi kuitazama dari hiyohiyo.

Tulipobaki 28 msimamizi alitangaza mkono kwa mkono: kila meza inagawa mkono mmoja, kisha inasubiri nyingine zote zimalize. Kuchelewesha hakukuwa na faida tena. Bwana akaendelea kufikiri, nadhani kwa mazoea. Tulikaa hivyo kwa zaidi ya saa moja. Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi, macho yalikuwa yakiwaka kwa taa zile, mzee wa Mayo alikwisha kutolewa tangu jioni na kiti chake kilikaliwa na kijana mwenye vipokea sauti masikioni, na nilianza kuelewa kwa nini Dara O'Kearney, mmoja wa wacheza poka mashuhuri wa hapa, aliyewahi pia kuwa mkimbiaji wa mbio ndefu kupita marathoni, ameimudu kazi hii vizuri hivyo.

Ndipo nikagawiwa ree na jeki. Nilikuwa na chipu 230,000 na ilikuwa zamu yangu kulitoa dau kubwa la lazima, 8,000. Kijana mmoja mwenye 600,000, aliyeimiliki meza ile kama bwana shamba, akasukuma zote katikati. Karata zangu zilikuwa nzuri, na nilijua kwamba kwa uwezekano mkubwa zilikuwa nzuri kuliko zake, kwa sababu alikuwa akisukuma karata nyingi, hata za wastani, ili kututisha. Katika mchezo wa kawaida ningefuata bila kuvuta pumzi. Lakini kwenye ukingo wa zawadi chipu unazopoteza zina thamani kubwa kuliko unazopata: nikishinda, nafasi yangu ya fedha haiongezeki maradufu, na nikishindwa ninakwenda nyumbani mikono mitupu wakati bwana wa sweta ya kijani, mwenye chipu tano, analipwa. Kwa hesabu yangu nilihitaji kushinda zaidi ya mara 60 katika 100, na sikuwa nazo. Sasa mimi ndiye niliyefikiri, na bwana wa sweta akanitazama kwa hamu kubwa. Nikatupa. Kijana akafunua saba na nne, meza ikaangua kicheko, na nikahisi masikio yangu yakipata moto. Uamuzi ulikuwa sahihi. Ninauandika hapa ili angalau mahali pamoja duniani pawe pameandikwa hivyo.

Dakika chache baadaye kelele zikatoka meza ya mbali: mtu mwenye wafalme wawili alikuwa amefuatwa na mwenye ree na malkia, na ree ikatokea katikati. Wa 28. Ukumbi mzima ukapiga makofi, isipokuwa yeye, aliyekuwa akitafuta mkono wa koti lake bila kuupata. Bwana wa sweta aliziweka chipu zake zote mkono uliofuata bila kufikiri hata sekunde moja, akatolewa, na kabla ya kuondoka akazunguka meza akimpa kila mmoja wetu mkono. Alituambia kwamba alikuwa ameshinda kiingilio kwenye baa ya kijijini kwao kwa mashindano ya euro 25. Nilimwelewa kabisa, na bado nilikuwa nimekasirika.

Yaliyofuata siyakumbuki kwa mpangilio. Kahawa, kisha kahawa nyingine. Chipu zangu zilipungua taratibu, na ilipokaribia saa 8 usiku nikaziweka zote nikiwa na tisa mbili, nikafuatwa na ree na mfalme, na mfalme akatokea karata ya mwisho. Nafasi ya 19, euro 640.

Niliyapiga mahesabu kwenye ngazi za hoteli, kwa kuwa nikiyaacha hadi asubuhi huwa naanza kujidanganya. Wenye hisa wanachukua 192, ninabaki na 448. Kiingilio kilinitoka 210 baada ya kutoa fedha zao. Chumba 90, basi 28, chakula na kahawa 40. Faida euro 80 kwa karibu saa kumi na tatu za kukaa kitini, chini ya nusu ya kima cha chini cha mshahara wa Ayalandi, ambacho mwaka 2025 kilikuwa euro 13.50 kwa saa. Ni kweli kwamba serikali ya hapa haitozi kodi ushindi wa kamari, na marafiki hunionea wivu kwa hilo. Hawakuwapo siku afisa wa mikopo wa benki aliponiomba hati ya mshahara, nami nikamwekea mezani daftari la miaka mitano lililoandikwa kila senti, akalifunga kwa heshima na kunirudishia.

Saa 8:20 usiku kwetu ni saa 11:20 alfajiri Tanga. Mama alikuwa amemaliza kuswali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujalala?"

"Ndiyo kwanza nimetoka kazini."

Alinyamaza kidogo. Fedha ninazomtumia mama hazili. Aliuliza msikitini miaka mingi iliyopita, akaambiwa mali ya namna hiyo hailiwi wala haitolewi sadaka ya kutafuta thawabu, lakini haina ubaya ikienda kwenye vitu kama choo. Tangu hapo mchele hununua kwa fedha za dada yangu, nami nimejenga choo cha nje, kisha ukuta wake, kisha tangi lake la maji. Ni choo kizuri kuliko vyote mtaani.

"Upepo wa juzi umeng'oa bati la choo," alisema. "Ukipata nafasi."

Nikamuuliza bati siku hizi linauzwa shilingi ngapi.